Arthur Looss, mtu aliyeonyesha kwamba minyoo ya safura huingilia kwenye ngozi

Mama, bibi, shangazi, dada unayelea mtoto wa mwenzako: leo hatuanzi na dozi wala tarehe ya kliniki. Tunaanza na maisha ya mtu. Anaitwa Arthur Looss, Mjerumani, na amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Waliosomea maabara na udaktari wanalijua jina lake vizuri. Majumbani kwetu halitajwi, ingawa kila unapomwambia mtoto avae ndala kabla ya kwenda chooni unarudia jambo ambalo yeye ndiye aliyelithibitisha.

Hapa Igamba ukiwauliza akina mama mtoto anapata wapi minyoo, wengi watakujibu kwamba ni mdomoni. Watataja sukari, miwa, embe bichi, mikono michafu. Mikono michafu ni kweli kabisa kwa ile minyoo mirefu inayofanana na nyungunyungu, kwa sababu mayai yake tunayameza. Sukari haizai minyoo, hilo liondoe kichwani. Lakini kuna minyoo mingine isiyosubiri mtoto aile. Inamsubiri akanyage.

Hiyo ndiyo minyoo ya safura. Ni midogo, myembamba kama uzi, urefu wake kama sentimita moja. Inang'ata ukuta wa utumbo mdogo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kati ya nusu tone na matone manne hivi kwa siku, kutegemea aina yake, na hiyo si damu ya kumtisha mtu. Ikiwa mamia, kwa miezi na miaka, mtoto anapauka viganja, anachoka akipanda kilima kidogo tu, darasani anasinzia, na mjamzito anafika siku ya kujifungua akiwa na damu pungufu, hana akiba ya kupoteza hata kidogo. Neno lenyewe safura limetokana na Kiarabu, na asili yake inahusu rangi ya njano, rangi ya mtu aliyeishiwa damu. Wazee wa pwani waliuona ugonjwa usoni kabla ya mtu yeyote kuwaonyesha mnyoo.

Mwanafunzi wa Leipzig

Looss alizaliwa mwaka 1861 katika mji wa Chemnitz, Ujerumani. Alisoma Leipzig chini ya Rudolf Leuckart, mwalimu mkubwa wa mambo ya minyoo wa wakati ule. Hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Alikuwa mtu wa kukaa na hadubini saa nyingi akichora kila alichokiona, na michoro yake ya minyoo ilikuwa safi kiasi kwamba iliendelea kutumiwa muda mrefu baada ya yeye kuondoka duniani.

Minyoo yenyewe ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1838 daktari wa Milan, Angelo Dubini, aliikuta ndani ya utumbo wa mwanamke mkulima aliyefariki. Katika miaka ya 1850 Mjerumani mwingine, Wilhelm Griesinger, aliikuta Cairo na kuihusisha na kukauka damu kwa Wamisri maskini. Swali lililobaki lilikuwa moja tu, nalo ndilo linalomhusu mama: inaingiaje?

Jibu la wataalamu wote lilikuwa mdomoni. Leuckart mwenyewe alikuwa amewalisha mbwa viluwiluwi vya minyoo yao, yaani watoto wa minyoo walioanguliwa kutoka kwenye mayai, na minyoo ikakua tumboni mwa mbwa wale. Jaribio lilikuwa zuri na lilionekana kumaliza mjadala. Likawa fundisho. Mtu anakunywa maji machafu au anakula kwa mikono yenye udongo, basi ameshapata safura. Kijana Looss alifundishwa hivyo, naye akaamini hivyo.

Cairo

Mwaka 1893 alikwenda Misri kwa mara ya kwanza, na lililompeleka ni kichocho. Alitaka kujua kichocho kinampataje mtu. Baadaye akawa profesa katika shule ya utabibu ya Cairo, iliyokuwa pamoja na hospitali ya Qasr al-Ayni. Hapo hakukosa kazi. Wakulima wa bonde la Nile walikuwa wakifanya kazi ndani ya tope la mifereji, miguu mitupu, na choo kilikuwa kandokando ya mfereji huohuo. Wengi walikuwa na kichocho na safura kwa pamoja.

Kama umewahi kulima mpunga au kupalilia mahindi ya Desemba huku mvua ikinyesha, unaifahamu hali hiyo bila kuonyeshwa picha.

Looss alikuwa akifuga viluwiluwi vya safura maabara. Alichukua kinyesi chenye mayai, akakichanganya na mkaa uliosagwa au mchanga, akakiweka mahali penye joto na unyevu, na baada ya siku chache maji yake yalijaa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho. Kisha alivitia mdomoni mwa simbilisi, wanyama hawahawa wadogo ambao baadhi ya nyumba zetu huwafuga jikoni. Alitaka kuona vinakuaje ndani ya mnyama.

Siku moja tone la maji yale lilidondoka mkononi mwake, likatiririka kati ya vidole. Mtu mwingine angefuta na kuendelea na kazi. Yeye aliona kwamba ngozi inamwaka na kuwa nyekundu pale pale tone lilipopita. Akashangaa. Akarudia kwa makusudi: akatia tone jingine mkononi, muwasho ukaja tena. Akakwangua unyevu uliobaki juu ya ngozi, akautazama kwenye hadubini. Viluwiluwi vilikuwa karibu vyote vimetoweka. Vilivyobaki ni vile visivyo na nguvu, pamoja na magamba matupu ambayo vingine vilikuwa vimeyavua, kama nyoka anavyoacha gamba lake mlangoni pa shimo. Wiki kadhaa baadaye alipochunguza kinyesi chake mwenyewe alikuta mayai ya safura.

Ninapomsimulia mama jambo hili kliniki, huwa nasimama hapa kidogo. Ule muwasho wa nyayo na kati ya vidole ambao watoto wanaupata masika, vipele vidogo vyekundu vinavyokuna usiku na kupotea baada ya wiki moja au mbili, mara nyingi tunauita fangasi ya tope na kupaka chochote kilichopo. Mara nyingine ni fangasi kweli. Mara nyingine ni mlango uliofunguka mchana huo, na viluwiluwi vimeshapita.

Mguu wa mvulana

Mwaka 1898 Looss alichapisha alichokiona. Wengi hawakumwamini, na ukitafakari hawakuwa na ubaya wowote kwa hilo. Mtu anayeishi Cairo, anayeshika minyoo kila siku, angeweza kabisa kumeza viluwiluwi bila kujua. Mayai kwenye kinyesi chake hayakuthibitisha njia.

Kwa hiyo alitafuta ushahidi usio na njia ya mdomo. Palikuwa na mvulana wa miaka 13 ambaye mguu wake ulikuwa ukatwe hospitalini kwa ugonjwa mwingine. Saa moja kabla ya kukatwa, Looss aliweka maji yenye viluwiluwi juu ya ngozi ya mguu ule. Baada ya mguu kukatwa alichukua vipande vya ngozi, akavikata vyembamba sana na kuvitazama. Viluwiluwi vilikuwa ndani, vingi vikiwa vimepita kwenye vitundu vya vinyweleo. Mguu uliokatwa haumezi kitu. Jibu likawa limepatikana.

Leo jaribio kama hilo lisingeruhusiwa hivihivi. Ingebidi mzazi aelezwe na akubali, mvulana mwenyewe aulizwe, na kamati ya maadili ikae kwanza. Nasema hivyo si kwa kumhukumu mtu wa karne nyingine. Nasema kwa sababu maarifa mengi tunayotumia bure yalipitia kwenye mwili wa mtoto wa mtu fulani ambaye jina lake halikuandikwa popote, na mimi nikisoma habari hii namfikiria zaidi mama yake kuliko profesa.

Mbwa na njia ya ndani

Lilibaki fumbo jingine. Kiluwiluwi kimeingia mguuni, lakini mnyoo mkubwa unakaa utumboni. Unafikaje huko?

Hapa ndipo mbwa wanapoingia. Mbwa wana safura yao wenyewe, ndugu wa ile ya binadamu. Ukiitazama kwenye hadubini, mnyoo wa mbwa una jozi tatu za meno kinywani, na ule wa binadamu ambao Looss alikuwa akiuchunguza una jozi mbili. Kwa miaka mingi aliweka viluwiluwi kwenye ngozi ya watoto wa mbwa na kufuatilia hatua kwa hatua. Alivikuta kwenye mishipa ya damu, kisha kwenye moyo, kisha kwenye mapafu. Kutoka kwenye mapafu vilipanda na makohozi hadi kooni, vikamezwa, vikashuka tumboni na kutulia utumboni vikakua.

Safari ndefu namna hiyo watu waliiona ni hadithi. Kiumbe mdogo kuliko uzi wa kushonea kuzunguka mwili mzima ili afike mahali ambapo angefika kwa kumezwa tu! Wengine walijaribu wenyewe na kushindwa, wakatangaza kwamba Looss amekosea. Lakini ushahidi ukaanza kumfuata. Mwaka 1902 Charles Bentley, daktari kwenye mashamba ya chai ya Assam, India, alionyesha kwamba muwasho wa miguu wa vibarua ulitokana na viluwiluwi hivyohivyo. Mwaka 1904 Fritz Schaudinn alithibitisha njia ya ngozi kwa kutumia kima. Looss mwenyewe alitoa kazi yake kubwa katika vitabu viwili vyenye michoro, 1905 na 1911, na baada ya hapo ubishi ulikwisha.

Ndiyo maana mtoto mwenye safura mpya anaweza kuwa na kikohozi kikavu cha siku chache kabla ya tumbo kuuma. Lakini tafadhali usikifanye kila kikohozi kuwa minyoo. Mtoto anayepumua haraka, anayevutika mbavu akipumua, au mwenye homa, alete kituoni siku hiyohiyo.

Mambo yaliyobadilika baada yake

Ukishajua kwamba adui anapita ngozini, ushauri wote unabadilika. Kuchemsha maji peke yake hakutoshi. Inabidi kinyesi kisifike ardhini, na mguu usikutane na ardhi iliyochafuliwa. Choo na kiatu. Kule Marekani kusini, kuanzia 1909, tume iliyolipiwa na tajiri Rockefeller ilizunguka vijijini ikitibu watu na kuwahimiza wachimbe vyoo, na msingi wake ulikuwa huu alioutoa Looss.

Huku kwetu Afrika Mashariki, ukubwa wa jambo hili ulipimwa vizuri kisiwani Pemba. Katika miaka ya 1990 watafiti waliowachunguza wanafunzi wa shule za msingi walikuta kwamba safura ilihusika na karibu robo tatu ya upungufu mkali wa damu kwa watoto wale. Si malaria peke yake, si chakula peke yake.

Sitaki uelewe kwamba Igamba ni Pemba. Kwetu ni juu, kuna baridi, na viluwiluwi hupenda joto. Lakini pia hupenda kivuli, udongo laini wenye unyevu, na majani yaliyooza, na hicho ndicho kilichopo chini ya migomba na mibuni nyuma ya nyumba zetu kuanzia Novemba hadi Aprili. Yai likidondoka hapo huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Baada ya wiki moja hivi kiluwiluwi kiko tayari kuingia mwilini, na kinaweza kusubiri wiki tatu hadi nne kama jua halijakikausha. Kwa hiyo mtoto anayejisaidia migombani leo asubuhi hamdhuru mtu leo. Anamdhuru anayekuja kukata ndizi wiki ijayo, na mara nyingi huyo ni wewe.

Alipokosea

Nimesema Looss alikwenda Misri kwa ajili ya kichocho. Huko nako aliona sawasawa kwamba kichocho kinapita kwenye ngozi ya mtu aliye ndani ya maji. Lakini alishikilia kwamba hakuna mnyama mwingine kati, kwamba kinatoka kwa mtu na kuingia kwa mtu moja kwa moja kama safura. Waliosema labda konokono wanahusika aliwapinga kwa ukali, na kwa kuwa alikuwa Looss, watu walimsikiliza. Wajapani walionyesha kazi ya konokono mwaka 1913 kwa kichocho cha kwao, na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alionyesha hivyohivyo huko Misri, karibu kabisa na Cairo ambako Looss alikuwa ameishi miaka yote ile.

Mtu mmoja, macho yaleyale, hadubini ileile. Kwa safura alibadilisha alichofundishwa kwa sababu ya tone moja mkononi. Kwa kichocho alikataa kubadilisha alichokiamini mwenyewe. Binafsi nampenda zaidi kwa kuwa na hayo yote mawili, maana wagonjwa wangu na mimi tuko hivyo.

Leiper alipofika Misri, Looss hakuwepo tena. Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza 1914, na Mjerumani hakuwa na nafasi katika nchi iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Aliiacha maabara aliyoijenga kwa zaidi ya miaka ishirini, akarudi Ujerumani, akaishi Giessen. Alifariki huko mwaka 1923.

Mnyoo wa fungo, na mbwa wa nyumbani kwako

Katika kazi zake za 1911 kuna jambo dogo ambalo wakati ule halikumshtua mtu. Looss alieleza aina mpya ya safura iliyotoka kwa fungo wa Ceylon, kisiwa tunachokiita sasa Sri Lanka. Alikipa kisiwa heshima kwenye jina: *Ancylostoma ceylanicum*. Kwa miaka mingi wataalamu waliichanganya na aina nyingine. Leo tunajua kwamba mnyoo huo unaishi ndani ya mbwa na paka, na kwamba katika sehemu nyingi za Asia ya Kusini-Mashariki unakua pia ndani ya utumbo wa watu, unanyonya damu na kutaga mayai kama safura yetu.

Na ile safura ya mbwa aliyoitumia kufuatilia njia ya ndani, yenye jozi tatu za meno, nayo ikaja kuwa na habari yake. Kwa muda mrefu vitabu vilisema mnyoo huu ukiingia kwa mtu unaishia kwenye ngozi tu, unapotea. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Townsville, mji wa joto kaskazini mwa jimbo la Queensland huko Australia, wakaanza kuona wagonjwa wenye maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka. Utumbo ulikuwa umevimba, na ndani yake zilijaa chembe nyeupe za damu za aina ile ambayo mwili huitoa kupambana na minyoo. Baadhi walipasuliwa kwa kudhaniwa ni kidole tumbo. Kwa wachache alikutwa mhusika mwenyewe: mnyoo mmoja tu wa mbwa, umejishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Paul Prociv na John Croese waliandika habari hiyo mwaka 1990. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa wanafuga mbwa.

Kwa mama wa Igamba yapo mambo mawili ya kushika katika habari hii. La kwanza, mnyoo huo wa mbwa ndani ya mtu haukui vizuri na hautagi mayai. Kwa hiyo kipimo cha choo kinaweza kurudi safi huku mgonjwa anaumwa kweli. Kama mtoto au wewe mwenyewe mna maumivu ya kitovuni yanayojirudia, kipimo cha choo hakionyeshi kitu, na nyumbani kuna mbwa, mwambie mhudumu habari ya mbwa. Usione aibu wala usione ni jambo dogo. Kipimo cha damu cha kuhesabu chembe nyeupe kinaweza kusaidia, na dawa za kawaida za minyoo, albendazole au mebendazole, zinautoa mnyoo huo pia. Ila tumbo linalouma mfululizo upande wa chini kulia, likiambatana na homa na kutapika, usilisubirishe kwa dawa ya minyoo. Hilo linahitaji daktari leo.

La pili ni kwamba mbwa wa kwetu hafungwi. Analinda nyumba usiku, mchana anazunguka, anajisaidia anapotaka, mara nyingi hapohapo kwenye kivuli watoto wanapochezea. Sisemi umfukuze. Mwizi naye yupo. Lakini kinyesi chake kikusanywe kwa koleo au jembe kila asubuhi kabla hakijapata wiki, kitupwe chooni au kifukiwe mbali na mahali pa kuchezea na bustani ya mboga. Watoto wasikae chini pasipo mkeka mahali mbwa wanapolala.

Angalia zaidi watoto wa mbwa. Siku hizi inajulikana, jambo ambalo Looss hakulifikia, kwamba mbwa jike hupitisha viluwiluwi kwa watoto wake kupitia maziwa. Ndiyo maana kinda la mbwa lenye wiki tatu linaweza kuwa na fizi nyeupe kabisa, kinyesi cheusi kama lami, kisha likafa huku mama yake ni mzima. Watoto wa binadamu nao hupenda kubeba hawa wadogo kuliko mbwa mkubwa. Afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza dawa, na makinda huanza kupewa wakiwa na wiki mbili tu, kisha hurudiwa, na mama yao hupewa pamoja nao. Usimpe mbwa vidonge vya mtoto, wala mtoto dawa ya mbwa. Uzito na dozi havilingani.

Dawa kwa watu wa nyumbani ziko kwenye mpango ambao tayari unaujua. Mtoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi mitano hupewa dawa ya minyoo pamoja na vitamini A mara mbili kwa mwaka, katika ule mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba. Mwenye umri chini ya miaka miwili hupewa nusu ya kidonge cha albendazole cha miligramu 400, kikisagwa vizuri na kuchanganywa na maji ili asipaliwe. Wa shule hupewa shuleni. Mjamzito hupewa mebendazole kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, si kabla, pamoja na vidonge vya kuongeza damu ambavyo ninajua baadhi yenu mnaviacha kwa sababu vinafanya choo kuwa cheusi na tumbo kuwa zito. Kumeza jioni baada ya chakula husaidia. Kama umekuwa ukitamani udongo wa kula, tuambie pia. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, na udongo wenyewe unaongeza hatari ya minyoo.

Dawa inatoa minyoo iliyopo. Haizuii mguu kuingiza mingine kesho. Kwa shamba, gambuti ni bora kuliko ndala, kwa sababu tope linapita juu ya ndala na kufika kati ya vidole, palepale lilipopita tone la Looss. Kama gambuti ni moja nyumbani na wapaliliaji ni watatu, avae mjamzito. Mtoto mdogo atoshewe na yeboyebo za plastiki, na ziwekwe mlangoni, si kabatini, ili anayekimbilia chooni usiku azipate gizani.